Firigisi ya Jumapili

Soko la Kasongo siku ya Jumamosi linataka mtu awe macho, na Kasimu alikuwa akitembea huku anaota. Alivaa kanzu nyeupe aliyoishona mwenyewe, begani amebeba jora la kitambaa, kichwani anafikiria kola ya blauzi ya mteja mmoja msumbufu. Alipofika penye wauza mawese akagongana kifua kwa kifua na msichana aliyekuwa amekumbatia chupa kubwa. Chupa ikaenda chini. Mawese yakaenda kwenye kanzu.

"Mama yangu, mafuta yangu!"

"Kanzu yangu!"

"Weye mutu muzima, macho yako iko wapi?"

"Ilikuwa mbele, dada. Ni weye umetokea pembeni."

"Pembeni! Njia yote hii pana, na weye na jora lako munaijaza."

"Sasa angalia hii kanzu. Nimeivaa leo mara ya kwanza."

"Kanzu inafuliwa. Mafuta ikimwangika, utaifua?"

Kasimu aliinua macho kutoka kwenye doa. Akamtazama vizuri. Kiunoni kikwembe cha manjano chenye ndege wa buluu, kichwani kitambaa kimefungwa upande kidogo, vishimo viwili mashavuni ambavyo hata hasira haikuweza kuvificha. Wauza mawese walikuwa wameacha biashara wanasikiliza. Kasimu akacheka, na msichana, ingawa hakutaka, akacheka pia. Alinunuliwa chupa nyingine, akabebewa mpaka nyumbani, na doa lile halikutoka katika kanzu hata siku moja.

Jina lake lilikuwa Apolline, binti wa katekista wa Kabambare. Alikuwa amekuja Kasongo kumsaidia binamu yake Victorine aliyejifungua. Na mume wa Victorine alikuwa nani? Placide, kalani wa ofisi ya leta, yaani serikali ya Wabelgiji, rafiki mkubwa wa Kasimu. Hivyo mapenzi hayakuwa na safari ndefu. Siku ya pili tu, Jumapili, Kasimu alikuwa amekaa barazani kwa Placide, ameoga, amenukia, amevaa kanzu nyingine.

Lazima niwaeleze kuhusu Jumapili hizo, maana ndizo zilizoleta raha na ndizo zilizoleta balaa. Wabelgiji walikuwa wametuwekea sheria kwa kila kitu, pamba ipandwe wapi, mtu alale saa ngapi, lakini Jumapili ya mchana walituachia. Placide hakwenda ofisini, Kasimu alifunika cherehani, na rafiki yao Hemedi, mnunuzi wa mpunga, alileta gramofoni yake kwa baiskeli, ameifunga kwa kamba na kuikinga na mashimo ya barabara kama anabeba mgonjwa. Walikula kwa zamu. Jumapili hii kwa Hemedi, ambako mama yake alipika pilau ambayo harufu yake iliwaita majirani. Jumapili ijayo kwa mama yake Kasimu, kuku wa mchuzi wa karanga na wali mweupe, kila punje peke yake. Ya tatu kwa Placide, bugali, sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakalainika, na samaki wakubwa waliotoka Nyangwe. Watu walikula, wakalegeza mikanda, wakanyoosha miguu mkekani, wakasengenya mji mzima.

Hemedi na Kasimu walikuwa Waislamu, Placide na mke wake Wakristo, na tangu zamani za babu zao jambo hilo lilikuwa na taratibu yake isiyo na ugomvi. Kwa Placide Waislamu walikula samaki na mboga. Kuku ambaye hakuchinjwa na Mwislamu hawakumla, na sufuria iliyowahi kupika nguruwe wa porini hawakuigusa. Hakuna aliyenuna kwa sababu hiyo.

Hakuna, isipokuwa Apolline. Yeye alikuwa anapenda, na mtu anayependa anataka kulisha. Kila alipompitishia Kasimu bakuli la nyama, Kasimu alifunika sahani yake kwa kiganja.

"Miye samaki tu, mupenzi."

"Samaki, samaki. Utaota magamba."

"Nikiota magamba, utanipenda?"

"Nitakukwangua na kisu."

Walicheka. Lakini siku moja mama yake Kasimu, mjane mwenye maneno machache, alisema neno ambalo halikuchekesha. Kasimu alikuwa amemwomba aende kumposa Apolline. Mama akasema, "Mutoto ni muzuri, ana heshima. Lakini nikienda kwake, nitakula nini? Nitakuwa mugeni wa samaki mpaka nife, kwa nyumba ya mutoto wangu mwenyewe?"

Kasimu akafanya kosa la kumweleza Apolline maneno hayo yote. Apolline alisikiliza mpaka mwisho. Aliangalia chini, akazungusha bangili yake mkononi, kisha akauliza habari nyingine kabisa. Kasimu akadhani yamepita.

Hapo ndipo wivu ulipopata mlango.

Jumamosi moja alasiri Kasimu alikuwa barazani kwenye cherehani yake. Akainua macho, akamwona Apolline anapita upande wa pili wa barabara na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Akataka kumwita. Lakini Apolline aliangalia nyuma, akaangalia kushoto, akaingia haraka kwenye ua wa kina Hemedi.

Kasimu alishona mkono wa blauzi kwenye kiuno.

Alipomwona jioni aliuliza kwa sauti ya mtu asiye na haja ya jibu, "Leo ulikuwa wapi, roho yangu?"

"Nyumbani. Namusaidia dada Victorine kupepeta mucele."

"Mucele mingi?"

"Mingi kabisa. Mikono inaniuma."

Akamwonyesha mikono. Ilinukia karafuu. Kwa Placide hawakuwa na karafuu. Karafuu zilikuwa kwa mama yake Hemedi, katika kikopo alichokificha kama dhahabu.

Jumapili, wakiwa wamekaa, Kasimu alimwambia Placide, "Nasikia jana mulipepeta mucele mingi."

"Mucele gani?" Placide alijibu, mdomo umejaa. "Jana Apolline ametoka na kikapu, hatukumuona mpaka jioni."

Kuanzia hapo chakula kilimwishia ladha. Niwaambie ukweli, mtu mwenye wivu ana kazi nyingi kuliko mpagazi. Kasimu alihamisha cherehani yake ili ielekee ua wa Hemedi. Alipima kila kicheko. Hemedi akimpa Apolline maji, aliona vidole. Hemedi akibadilisha sahani ya gramofoni, alisikiliza maneno ya wimbo akitafuta ujumbe. Na Hemedi, masikini, alikuwa mtu wa kuonewa wivu hata bila sababu, kwa vile viatu vyake vilivyong'aa, meno meupe, nywele zilizochanwa na mstari katikati. Jumamosi iliyofuata kikapu kilipita tena. Na nyingine tena. Mara moja Kasimu alisikia toka ndani ya ua kicheko cha Apolline, kile cha juu, ambacho aliamini ni chake peke yake.

"Kuna neno unataka kuniambia?" alimwuliza.

"Liko. Lakini haliko tayari."

"Neno linaiva kama ndizi?"

"Linaiva kama mucele. Ukifunua mapema, unaharibu."

Alisema hivyo kwa mahaba, vishimo vikiwa wazi. Kasimu aliona dhihaka. Hakulala.

Ikafika Jumapili ya zamu kwa Placide. Victorine alikuwa amepeleka habari kwamba safari hii mpishi ni Apolline peke yake, na watu waje na njaa. Kasimu alikwenda na hasira. Alichelewa kwa makusudi. Alipofika, gramofoni ilikuwa inalia, mkeka umetandikwa, na katikati palikuwa na sinia la pilau iliyofunikwa vipande vya kuku, inatoa mvuke. Mbele ya nafasi yake palikuwa na sahani peke yake, imefunikwa kawa mpya ya ukindu. Na kutoka upande wa jiko alikuja Hemedi, mikono ya shati imekunjwa, anajipangusa vidole.

"Apo! Chumvi imekubali!" Hemedi alisema kwa furaha.

Apo. Hata Kasimu hakuwahi kumfupisha hivyo.

Apolline alitoka nyuma yake. Alikuwa amevaa kile kikwembe cha manjano cha siku ya kwanza, shingoni ana shanga, usoni jasho la moto na furaha ambayo hakuweza kuizuia.

"Karibu, mupenzi. Leo hakuna samaki. Kaa, funua sahani yako."

Kasimu hakukaa.

"Hiyo kuku mupatie ule anayekunukisha karafuu kila Jumamosi," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko gramofoni. "Miye siko mutu wa kula mabaki ya Hemedi."

Placide alisimamisha wimbo. Hemedi alibaki na taulo mkononi, hajui aiweke wapi. Apolline alikuwa anaendelea kutabasamu, kwa sababu uso wake ulikuwa bado haujapata habari. Halafu ukapata.

Nyuma ya pazia la chumbani, walikokaa wanawake, sauti ilisema taratibu, "Kasimu. Miye nimekula."

Pazia likafunguka. Mama yake alisimama hapo katika ushungi wake mweupe, vidole vya mkono wa kulia vikiwa bado na punje za wali. Nyuma yake alionekana mama yake Hemedi, ameshika mdomo.

"Nimekula kuku kwa nyumba hii," mama alisema, "na nimeomba kuongezewa. Sasa nenda nyumbani."

Kasimu alikwenda nyumbani. Mji ulikuwa uleule lakini yeye alipotea mara mbili.

Alasiri mama yake aliingia na ile sahani, kawa juu yake, akaiweka mbele yake.

"Hii ilikuwa yako. Nimeibeba pamoja na aibu yako. Funua."

Kasimu akafunua. Juu ya pilau, peke yake, palikuwa na firigisi ya kuku.

Mtu wa Maniema, nchi yetu hii, haelezwi jambo hilo. Firigisi haigawanywi, haipewi mgeni wala rafiki wala ndugu. Mwanamke anamwekea mwenye nyumba, mume wake. Kumwekea kijana mbele ya mama yake mzazi, mbele ya watu, ni kusema yote bila kufungua mdomo.

"Alikuja kunialika mwenyewe," mama alisema. "Akapiga magoti. Akaniambia, mama, nimenunua sufuria mupya, haijapika kitu. Nimeiweka kwa mama Hemedi isichanganyike na ya Victorine. Najifunza pilau kule kila Jumamosi, nabeba kuku ndani ya kikapu, Hemedi anachinja. Mama Hemedi ni shahidi, hajatoka pale jikoni hata dakika. Mutoto wa watu amefanya yote hii ili miye nikule."

"Lakini kwa nini hakuniambia miye? Juu ya nini Hemedi?"

Mama yake alimtazama.

"Angekuomba weye umuchinjie?"

Kasimu akainamisha kichwa. Maana hilo nalo mji ulilijua na kulichekea: fundi Kasimu, pamoja na mabega yake, hawezi kuchinja. Akiona damu anatafuta pa kuegemea. Tangu baba yake afariki, kuku wote wa nyumba hiyo, hata wale wa Idi, walichinjwa na Hemedi. Kati ya watu wote wa Kasongo, yeye ndiye angepaswa kujua kikapu kile kilikuwa na nini.

Alinyoosha mkono kwenye sahani. Mama yake akamwahi. Alichukua firigisi, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole akimtazama machoni.

"Weye umeikataa," alisema alipomeza. "Kupika anajua."

Asubuhi Kasimu alikimbia kwa Placide. Victorine alimjibu akiwa mlangoni, mtoto mgongoni, bila kumkaribisha.

"Amekwenda. Amepanda kamyo ya mpunga alfajiri, amerudi kwa baba yake Kabambare. Hapana lia hapa, nina mutoto mumoja ananitosha."

Kasimu alimtafuta dereva wa kamyo, Assumani, akampa salamu za kupeleka. Salamu ndefu, zenye nimekosa, na roho yangu, na sili silali. Assumani aliporudi, Kasimu alikuwa akimngoja barabarani.

"Ulimuambia?"

"Nilimuambia yote, mpaka nikaona haya."

"Akasema nini?"

"Akasema asante kwa salamu. Akarudi kutwanga sombe."

Kasimu akatuma salamu nyingine. Jibu likaja lilelile, ila safari hii alikuwa anachambua mchele. Ndipo alipoelewa kwamba mdomo wa Assumani hautatosha. Akavaa viatu, akaenda mahali pagumu kuliko Kabambare, kwa Hemedi.

Hemedi alikuwa anafuta vumbi la gramofoni. Hakuinuka.

"Nimekukosea, ndugu yangu," Kasimu alisema.

"Sana."

"Unisamehe."

Hemedi aliendelea kufuta. "Unajua nani alikuwa na wivu, Kasimu? Miye. Kila akionja muchuzi anauliza, Kasimu atapenda? Kila akipunguza moto, Kasimu anapenda wali mukavu ao mulaini? Nachinja kuku, napepea moto, na jina ni la Kasimu. Ungekufa, ningemuoa kabla ya arobaini yako." Akacheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo, na Kasimu aliona kilichomo ndani yake. "Haya. Umekuja juu ya nini?"

"Nifundishe kuchinja."

Hemedi alimfundisha. Kuku wa kwanza alikimbia na kisu kikabaki kwa Kasimu. Wa pili Kasimu alikaa chini kabla hajamshika. Sitasema yalichukua muda gani, kwa heshima yake. Placide alimpatia karatasi ya ruhusa ya safari kutoka ofisini, na Jumamosi moja Kasimu alipanda juu ya magunia ya mpunga, kanzu nyeupe imekunjwa ndani ya mfuko, jogoo mwekundu amemshika kwapani. Walipita Lusangi wakila vumbi, wakasukuma kamyo mara kadhaa kwenye matope, na Jumapili baada ya misa Kasimu alibisha hodi kwa katekista Hippolyte, Kabambare. Amenawa, amevaa kanzu, na jogoo bado yuko kwapani.

Mzee Hippolyte alimkaribisha vizuri mno, na hiyo ilimtisha. Apolline alitoka na maji ya kunawa. Amekonda kidogo. Kikwembe cha kawaida, kitambaa kimefungwa sawasawa kabisa.

"Karibu, baba," alimwambia. Baba! Kama anavyomwambia mtu wa kodi.

Akampakulia. Bugali, sombe, samaki. Kasimu alikula yote mpaka mifupa ikabaki myeupe, na hakuna samaki aliyewahi kuwa mchungu kwake kama huyo.

"Apolline," alisema. "Nilikosa. Nilikuona unaingia kule nikawa mujinga. Niliona vidole, niliona viatu, niliona yote, sikuona weye. Roho iliniuma mpaka akili ikatoka."

"Na miye roho yangu ilikuwa wapi siku ile? Mbele ya mama yako, Kasimu. Mabaki!" Sauti yake ilikatika. "Nilipika nikiimba."

"Najua."

"Hujui. Na huyo jogoo ni wa nini? Hapa Kabambare kuna muzee mumoja nyuma ya soko anachinja vizuri. Kijana wake ni muzuri wa sura. Nimupelekee?"

Wivu ulimpanda Kasimu tena papo hapo, mpaka masikioni, na Apolline aliuona, na vishimo vikajitokeza kidogo.

"Usimupelekee mutu," Kasimu alisema. "Lete kisu."

Walitoka uani. Majirani, ambao walikuwa wanapita kwa bahati tu, walisimama. Kasimu alimwelekeza jogoo Kibla, akamkanyaga mbawa na miguu kama alivyofundishwa, akasema Bismillahi kwa sauti iliyokuwa inatetemeka, akafumba jicho moja, akachinja. Alichinja kweli. Jogoo akapiga mbawa za mwisho, na damu ikaruka kifuani mwa kanzu. Kasimu akajitazama, akawa mweupe kama hiyo kanzu ilivyokuwa, akaegemea ukuta wa jiko. Lakini hakuanguka.

Apolline alianza kucheka kabla hajataka. Alicheka kile kicheko cha juu, ameshika tumbo, machozi yanatoka, na kati ya machozi hayo mengine hayakuwa ya kucheka.

"Kanzu yako!"

"Kanzu inafuliwa," Kasimu alisema, macho yamefumbwa.

Alipokwisha kumnyonyoa jogoo, Apolline aliingia jikoni. Kasimu, akiwa mlangoni, aliona sufuria za nyumba zimepangwa pembeni mwa moto. Na juu ya ukuta, mbali na nyingine, imefungwa katika kipande cha kikwembe, palitundikwa ile sufuria mpya. Alikuwa amesafiri nayo toka Kasongo. Apolline akaishusha, akaifungua, na Kasimu alikuwa na akili ya kutosha safari hii kutosema kitu.

Walikula alasiri, mkekani, pamoja na mzee na majirani waliopita kwa bahati. Karafuu hazikuwepo, lakini Kasimu aliapa hajala chakula kama hicho. Akala paja, akala shingo. Kisha akaanza kutafuta, akisogeza wali pole pole kwa kidole.

"Unatafuta nini?" Apolline aliuliza.

"Hakuna. Naangalia tu. Jogoo ilikuwa na... haikuwa na firigisi?"

"Ilikuwa nayo."

"Iko wapi?"

"Nimeikula miye. Jikoni, ingali ya moto." Akajipangusa mdomo kwa ncha ya kikwembe. "Firigisi ni ya mwenye nyumba. Weye hapa ni mugeni."

Mzee Hippolyte alikohoa, akageukia upande mwingine.

"Na huo ugeni utaisha lini?" Kasimu aliuliza.

"Siku mama yako atakuja kuniomba kwa baba. Na mambo ya padri wetu na mwalimu wenu wa musikiti yazungumzwe na wakubwa. Siyo weye na maneno yako."

"Mama alinituma mbele. Alisema, mutoto wangu, enda kwanza uchinje. Ukichinja, nitakuja na kamyo ya Jumamosi."

Apolline alisogea mbele mkekani. Akavuta sufuria karibu, akachungulia ndani, akachagua kipande cha kifua, akakiweka upande wa Kasimu na kukisukuma kwa vidole.

"Basi umuambie asile kitu njiani," alisema.